Zeiss ya zamani au darubini mpya? Tuanze na kichwa kinachouma

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Kisumu, nina miaka 61. Jumamosi huwapeleka vijana wa klabu ya mazingira Dunga kutazama ndege, na shule zikifungwa hujikaza tukafika msitu wa Kakamega. Natumia darubini ya Zeiss niliyoachiwa na mgeni aliyekuwa akifanya kazi huku. Imeandikwa Dialyt 7x42 B T*. Naipenda sana, lakini nikiitumia nusu saa kichwa huanza kuniuma juu ya macho. Binti yangu yuko Ujerumani na anataka kuninunulia mpya ya bei kubwa, Swarovski NL Pure 10x42. Mwenzangu mmoja ananiambia nikatae, eti za zamani zilikuwa kioo halisi na za sasa ni plastiki. Mwingine anasema yangu haina mwanga, niitupe, nichukue yenye namba kubwa. Navaa miwani ya sehemu mbili, ya mbali na ya kusomea. Je, tofauti ya miaka thelathini na kitu inaonekana machoni kweli, au ni bei tu?"

Mwalimu, asante kwa kueleza kila kitu, hadi herufi zilizoandikwa kwenye darubini yenyewe. Herufi hizo zimenisaidia sana na nitazirudia. Ila swali lako limebeba mambo mawili: kama darubini mpya inaonyesha vizuri zaidi, na kwa nini kichwa kinakuuma. Haya mawili hayana uhusiano mkubwa kama unavyohofia. Ukiyachanganya, binti yako atatumia pesa nyingi kutibu maumivu ambayo huenda hayatokani na umri wa darubini hata kidogo, na darubini mpya ikifika kichwa kitaendelea kuuma vilevile.

Tuanze na kichwa. Kila jicho linapewa picha yake na mrija wake, na ubongo ndio unaoziunganisha zikawa moja. Ili jambo hilo lifanyike bila taabu, mirija yote miwili lazima itazame mahali pamoja kabisa. Mimi kazi yangu hapa Nakuru ni kusafisha na kusawazisha darubini, na wengi wanaoniletea husema "imezeeka" wakati ukweli ni kwamba imeanguka. Ikianguka mara moja tu kwenye sakafu ya mtumbwi, prizimu moja, yaani kipande cha kioo kinachogeuza mwanga ndani ya mrija, inaweza kusogea kidogo sana, na kwa nje usione hata mkwaruzo. Halafu hutaona vitu viwili viwili, kwa sababu misuli ya macho inavuta mpaka picha zikutane. Kazi hiyo ya kuvuta ndiyo inayouma baada ya nusu saa. Macho yamezoea kugeuka kwa ndani, ndivyo tunavyosoma, kwa hiyo kosa la upande huo huvumilika kiasi. Lakini hakuna shughuli ya kila siku inayolitaka jicho moja lipande na jingine lishuke. Picha moja ikikaa juu ya nyingine, hata kwa kiasi kidogo, utachoka upesi, na wengi huhisi maumivu hayo juu ya macho au kwenye paji la uso.

Unaweza kuipima nyumbani. Iweke darubini juu ya ukuta au mfuko wa mchele, imelala sawasawa, uielekeze kwenye ukingo wa paa la mabati ulio mbali. Rudisha uso nyuma kama shubiri moja, mpaka uone miduara miwili midogo ya mwanga, kila mmoja una kipande cha paa ndani yake. Mstari wa paa unapaswa kuwa katika kimo kimoja ndani ya miduara yote miwili. Kama upande mmoja uko juu na mwingine chini, umempata mwizi. Usijaribu kuifungua mwenyewe wala kumpa fundi wa saa, hata awe na mkono mwepesi namna gani. Kusawazisha mirija kunahitaji chombo maalumu cha kupimia, na skrubu ikizungushwa kwa kubahatisha kosa huongezeka.

Mstari ukiwa sawa, hamia kwenye miwani yako, na hapa nina shaka kubwa zaidi. Miwani ya sehemu mbili ina lenzi ya kusomea upande wa chini. Ukisukuma darubini dhidi ya miwani, miwani hupanda au kuteleza kwenye pua, na jicho moja likajikuta linachungulia kupitia sehemu ya kusomea. Utazungusha gurudumu la kufokasi, jicho hilo lipate na jingine likose, kisha uzungushe tena. Mwombe mmoja wa vijana wako asimame ubavuni akuangalie unapotazama ndege: lenzi za darubini zinagusa sehemu gani ya miwani yako? Ikiwa zinagusa mstari wa kati au chini yake, chanzo kimoja umeshakipata. Watazamaji wengi wa rika lako hutengeneza miwani ya pili ya mbali tupu kwa ajili ya ndege peke yake, na gharama yake hata haikaribii bei ya darubini.

Wengine huvua miwani kabisa. Hiyo inafaa kama tatizo lako ni kuona mbali au karibu tu, kwa sababu gurudumu la kufokasi litafidia. Kama cheti chako cha miwani kinaonyesha una astigmatizimu, yaani jicho lisilo la mviringo sawasawa, gurudumu halitaiondoa. Hapo bakiza miwani, na vile vikombe vya mpira vya kuwekea macho vikunje chini. Herufi B kwenye darubini yako ina maana kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya wavaa miwani, kwa hiyo katika hilo mgeni wako alikuachia kitu cha maana.

La mwisho kuhusu kichwa ni kile kirekebishi cha jicho moja, ambacho kwenye darubini nyingi kipo upande wa kulia. Watu hukizungusha bila kujua wanapoitoa darubini kwenye mfuko. Ziba lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, fokasi kwa jicho la kushoto ukitumia gurudumu la kati. Kisha ziba ya kushoto, usiguse gurudumu, rekebisha jicho la kulia kwa kirekebishi peke yake. Yaache macho yote mawili wazi unapofanya hivyo, maana kukunja jicho moja huubana uso na kubadili kipimo. Vijana wako pia wafundishe, kwani ninaowaona wakiruka hatua hii ni wengi kuliko wanaoifuata.

Sasa tuje kwenye vioo vyenyewe. Mwenzako wa kwanza amekosea. Lenzi za darubini mpya za daraja la juu ni kioo, na kioo bora kuliko cha zamani. Kilichobadilika ni kwamba viwanda vimeacha kutia risasi katika vioo vyao kwa sababu za mazingira, na vingine vinatumia kioo chenye floraidi, kinachopunguza ile mistari ya zambarau na kijani pembeni mwa vitu vyeusi. Plastiki utaikuta kwenye darubini za bei ya chini, hasa zile za mitaani zinazoandikwa kwamba zinakuza mara 100 na zaidi. Hizo, Mwalimu, usiziguse hata kwa zawadi. Darubini ya kushika mkononi yenye namba hiyo inadanganya.

Mwenzako wa pili naye amesikia jambo la kweli akalibandika mahali pasipofaa. Mwanga hupotea kila unapovuka kutoka hewani kuingia kwenye kioo au kutoka. Uso mmoja usiopakwa kitu hurudisha nyuma karibu asilimia 4 ya mwanga. Nyuso ziwe kumi tu, na theluthi moja ya mwanga imekwenda. Mwaka 1935 Alexander Smakula, akiwa Zeiss, alivumbua namna ya kupaka utando mwembamba unaozuia mwanga kurudi, na ile T yenye nyota kwenye darubini yako ni alama ya utando wa tabaka nyingi uliotokana na kazi hiyo. Utando wa namna hii hupunguza hasara ya kila uso hadi chini ya asilimia 1. Kwa hiyo yako haipotezi mwanga mwingi hapo.

Ipo sehemu nyingine ambapo darubini za zamani zilipoteza mwanga kwa wingi, nayo ni kwenye prizimu. Darubini nyingi zenye mirija iliyonyooka hutumia mpangilio wa Schmidt-Pechan, ambao una uso mmoja unaohitaji kupakwa kioo cha kujitazamia. Zamani kilikuwa cha alumini, na alumini humeza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mwanga. Leo wanapaka tabaka zisizo za metali zinazorudisha zaidi ya asilimia 99. Ndiyo maana mtu aliyetumia darubini ya zamani ya aina hiyo akashika mpya huona mbingu na ardhi. Lakini Dialyt yako ina prizimu za Abbe-König, ambazo hazihitaji kioo cha kupakwa kabisa. Mwanga unaruka ndani yake wenyewe, kwa pembe tu. Ndiyo maana mirija yake ni mirefu, na ndiyo maana hata leo, kwa mwanga peke yake, bado inashindana. Atakayekuambia haina mwanga hajaitazamia jioni.

Hata hivyo yapo ambayo darubini yako haina, na nisingekuwa mkweli nikiyaficha. Prizimu za mirija iliyonyooka zina ukingo uliochongwa mfano wa paa. Mwanga ukifika pale unagawanyika nusu mbili: nusu moja inagonga upande wa kushoto kwanza kisha wa kulia, nyingine kinyume chake, halafu zinaungana. Katika kugonga huko mawimbi hupoteza mwendo wa pamoja. Ni kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja: nguvu za kila mmoja ni zilezile, lakini mapigo yasipopangana michi inagongana. Nusu hizo mbili zikiungana zikiwa zimepotezana hivyo, picha haiwi giza, bali inakosa ukali katika mwelekeo mmoja, na rangi zinazokaribiana zinaanza kuyeyukiana. Mwaka 1988 Zeiss walileta utando wa kupaka kwenye nyuso za paa hilo ili mawimbi yaungane kwa mpangilio, wakauandika P. Darubini zilizofuata ziliandikwa T*P*. Yako imeandikwa T* peke yake, kwa hiyo ni ya kabla ya hapo.

Kwa maoni yangu, hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika darubini za namna yako kwa nusu karne iliyopita. Ingekuwa yako imeandikwa T*P*, ningekuambia kwamba katikati ya picha, mchana, ungepata shida kuitofautisha na mpya ya maelfu ya euro. Kwa kuwa haina P, tofauti ipo, na utaiona mahali pale unapofundishia. Chukua gonoleki wa mafunjo wa Dunga: mgongo mweusi, kifua chekundu, utosi wa manjano iliyofifia na mstari mweupe bawani. Ndugu yake, gonoleki mwenye kichwa cheusi, naye anapatikana huko Magharibi, na mwekundu wake wa kifuani unafanana. Ndege akiwa ndani ya mafunjo, kivuli kimemkata vipande, unachotafuta ni ule umanjano wa utosini na ule weupe wa bawa. Hapo ndipo ukali wa rangi unapohitajika, na hapo ndipo darubini yenye utando wa paa inakupa jibu kwa sekunde moja wakati ile isiyo nao inakuacha ukisema "nadhani". Ukitazama mwari anayeelea wazi saa tano mchana, tofauti haitakusumbua.

Kakamega kuna jambo jingine. Huko unatazama juu, ndege mweusi dhidi ya anga jeupe linalopenya kati ya majani. Darubini ya zamani hupaka ukingo wa tawi na wa ndege zambarau. Kioo cha floraidi, ambacho Zeiss walikileta katika Victory FL ya mwaka 2004 na wenzao wakafuata na chao, kimepunguza jambo hilo sana. Shorobo mkubwa wa buluu hahitaji msaada huo, ni mkubwa na anapiga kelele. Wale wadogo wa kwenye vilele vya miti ndio wanaouhitaji.

Kuhusu upana wa picha utashangaa. Dialyt 7x42 inaonyesha mita 150 za upana kwa umbali wa mita 1,000. Zeiss Victory SF 8x42, iliyotangazwa mwaka 2014, inaonyesha 148. NL Pure 8x42 ya mwaka 2020 inaonyesha 159, na ile 10x42 anayoitaka binti yako 133. Kwa hiyo wewe tayari una uwanja mpana sana. Faida ya mpya ni kwamba inakupa upana uleule huku ikikuza zaidi, na picha inabaki kali karibu hadi pembeni, wakati yako hulegea ukitoka katikati. Wapo wanaoona hilo ni jambo kubwa. Mimi naliweka nafasi ya tatu au ya nne, kwa sababu jicho likimpata ndege mkono humleta katikati wenyewe. Tena kuna watu ambao picha iliyonyooshwa hadi pembeni huwapa kizunguzungu wanapoizungusha darubini kufuata ndege anayeruka: mandhari huonekana kuviringika. Swarovski EL zilizotoka mwaka 2010 zililalamikiwa kwa hilo. Wengi huzoea, wachache hawazoei, na hakuna njia ya kujua uko kundi gani ila kuijaribu.

Namba kubwa sasa. Hapa naomba umwambie binti yako abadilishe mawazo: 8x badala ya 10x. Gawanya 42, yaani upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, kwa ukuzaji na utapata upana wa mwanga unaotoka upande wa jicho, kwa milimita. Yako hutoa 6, ya 8x hutoa 5.25, ya 10x hutoa 4.2. Mchana mboni ya jicho lako ina milimita 2 au 3 tu, kwa hiyo mwanga hauongezeki machoni. Unachopata kwa duara kubwa ni nafasi ya jicho kutangatanga bila picha kuwa nyeusi. Ndani ya mtumbwi unaoyumba, ukiwa umevaa miwani, nafasi hiyo ina thamani kuliko ukuzaji. Na 10x hukuza pia mtetemo wa mikono. Ningekuwa najibu mtu wa hapa kwetu ziwa Nakuru anayetazama kutoka garini, mkono umeegemea dirishani, ningesema vingine. Maji yamepanda sana tangu karibu mwaka 2010, heroe wakija hukaa mbali, na kutofautisha mdomo mwekundu uliokoza wa heroe mdogo na mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi wa heroe mkubwa kunataka 10x. Dunga ndege wako karibu. Wamejificha tu.

Kuna jambo ambalo hukuuliza, nami naona ndilo sababu halisi ya kuikubali zawadi ya binti yako: maji. Dialyt yako haikuzibwa na kujazwa gesi ya naitrojeni kama zinavyofanywa za sasa. Hewa ya ziwani inaingia na kutoka, na unyevu unabaki ndani. Kwenye joto la Kisumu kuvu huota juu ya lenzi na prizimu, na kikikaa muda mrefu hula utando wenyewe, kisiondoke hata kwa kusafishwa. Usiku mulika tochi kupitia lenzi za mbele, uchungulie kwa pembeni. Vumbi kidogo si kitu. Ukiona nyuzi nyembamba zinazotawanyika mfano wa mizizi, au utando wa ukungu kwenye prizimu, hiyo inahitaji fundi wa lenzi upesi, na ukungu huo peke yake unatosha kuifanya picha ionekane imechoka. Na tafadhali, usiihifadhi kwenye mfuko wake wa ngozi ndani ya kabati. Ngozi hushika unyevu na kuvu hupenda ngozi. Iweke kwenye chombo cha plastiki kinachofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya na dawa, uvibadilishe vikichoka.

Darubini mpya ya daraja la juu inaweza kunyeshewa Dunga asubuhi nzima, ukaifuta kwa kitambaa na kuendelea. Kwa mtu anayepanda mtumbwi na vijana, faida hii inazidi zile asilimia mbili tatu za mwanga ambazo watu hubishania. Faida nyingine ni kutazama karibu. Yako huanzia mita 3.5. SF huanzia mita 1.5 na NL Pure mita 2. Vijana wakikuuliza kereng'ende aliyetua kwenye funjo mbele ya mtumbwi, hutahitaji kurudi nyuma.

Uzito usikudanganye, haujashuka. Dialyt ina karibu gramu 800, SF 8x42 ina 780, NL Pure 8x42 ina 840. Kilichobadilika ni mizani. SF imepangwa uzito ukae karibu na uso, hivyo mikono haichoki mapema. NL imebanwa kiunoni ili vidole viizunguke vizuri, na kuna kiegemeo cha paji la uso kinachouzwa pembeni, kinachosaidia kweli kupunguza mtetemo. Zote mbili zina milimita 18 za nafasi kati ya lenzi na jicho, zinazotosha wavaa miwani wengi. Nasema wengi, kwa sababu pua na fremu za watu hazilingani.

Bei yake unaijua: NL Pure mpya Ulaya inazidi euro 2,500. Kama pesa hizo zingemuumiza binti yako, usimruhusu. Darubini ya kizazi kilichopita, Swarovski EL au Zeiss Victory FL au Leica Ultravid HD, ikinunuliwa mtumba katika duka linalotoa dhamana, ina utando wa paa, imezibwa dhidi ya maji, na itakupa sehemu kubwa sana ya kile utakachopata kwenye mpya. Kwa macho ya miaka 61 nyuma ya miwani, mimi mwenyewe ningechagua hiyo bila majuto. Na hiyo Dialyt usiitupe hata ukipata mpya. Isawazishwe, isafishwe, wapewe vijana. Anayeanza hufaidika na 7x kuliko chochote, kwa sababu picha haitetemeki na ndege haponyoki.

Kabla ya yote hayo, nenda ukapimwe macho. Ukungu kwenye picha ukiuona hata bila darubini, taa za magari usiku zikitawanyika, au rangi zikififia, huenda ni mtoto wa jicho, na hakuna darubini itakayolirekebisha hilo ilhali upasuaji unalirekebisha. Kutoka Kisumu si mbali kufika hospitali ya macho ya Sabatia kule Vihiga. Beba miwani yako, na beba darubini pia, umwonyeshe daktari unavyoishika. Ukianza kuona vitu viwili bila darubini, au vimulimuli na madoa meusi ya ghafla, au kichwa kikiuma hata siku ambazo hukutazama ndege, usingoje Jumamosi ipite.

Ukishapata majibu ya daktari, muulize mwongozaji yeyote wa ndege unayemfahamu Dunga au Kakamega kama ana mojawapo ya hizi nilizotaja, akuazime kwa dakika kumi. Vaa miwani utakayoitumia kweli. Angalia kama unaona duara zima bila kivuli cheusi pembeni, kama vikombe vya macho havikubani pua, na ufuate ndege mmoja anayeruka uone kama tumbo linachafuka. Halafu ndipo umwandikie binti: 8x42, hii au ile, na kama ni ya kutuma, risiti iwe ndani ya mzigo kwa ajili ya forodha.